KUJIFUNZA KUCHUNGUZA MAZINGIRA NA AFYA YA WATU WETU

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri iliniomba nizungumze juu ya afya, nami nimeona vema nisirudie mambo mliyokwisha kuyasikia mara nyingi, ya kuchemsha maji na kunawa mikono, ingawa yangali kweli. Nataka niseme juu ya jambo linalotangulia hayo yote, yaani jinsi mtu anavyoweza kujua kwa hakika ni kitu gani katika maji, hewa, ardhi au chakula chetu kinacholeta maradhi. Elimu hiyo ina njia zake, na njia hizo hufundishika. Sisi tulioketi humu twaweza kujifunza sehemu kubwa yake.

Sababu ya kulichagua jambo hili imo katika daftari la chama. Vyama kama chetu viliundwa kwanza ili mtu akifa mbali na kwao asizikwe kama asiye na ndugu. Kazi hiyo tumeishika kwa uaminifu. Jeneza hununuliwa, gari hukodiwa, chai ya matanga hupatikana, na katika daftari huandikwa jina la marehemu, tarehe, na shilingi zilizotoka. Lakini hakuna safu hata moja ya kuandika marehemu aliugua nini, alikaa wapi, alifanya kazi gani, wala alikunywa maji ya wapi. Fedha zetu twajua zilikokwenda. Watu wetu hatujui waliondolewa na nini. Pengo hilo ndilo ningependa tulitazame pamoja.

SWALI KWANZA

Watu wengi hudhani kwamba uchunguzi huanza kwa mitambo na chupa za maabara. Sivyo. Huanza kwa swali lililoulizwa vizuri. Mtu akisema, "Kwa nini watoto wa mtaa huu wanaugua?" amesema jambo la huruma, lakini hajauliza swali linaloweza kujibiwa. Lakini akiuliza, "Je, watoto walio chini ya miaka mitano katika nyumba zinazoteka maji kisimani huharisha zaidi ya watoto wa nyumba zinazoteka bombani, katika miezi ya mvua?" hapo ameuliza swali lenye miguu. Ametaja ni nani, ugonjwa gani, mahali gani, wakati gani, na wanalinganishwa na nani.

Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Nikiwaambia kwamba nyumba kumi zilizopata wagonjwa zote hunywa maji ya kisima kile, pengine mtakimbilia kukifunga. Lakini kama nyumba zote za mtaa huo, za wagonjwa na za wazima, hunywa maji ya kisima hicho hicho, basi sijawaambia neno. Sharti nihesabu na wazima pia. Naomba tulishike fundisho hili moja, kwa maana yote nitakayoyasema yatalirudia: asiyewahesabu wazima hawezi kujua kilichowaangusha wagonjwa.

MJI WA LONDON, MWAKA WA 1854

Mfano wa kwanza unatoka mbali, kwa sababu ndiko njia hii ilikojulikana sana. Katika karne ya kumi na tisa mji wa London ulipigwa na kipindupindu mara kadhaa. Matabibu wengi wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu yenye uvundo. Daktari mmoja, John Snow, alishuku maji.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, karibu na bomba la kisima lililokuwa katika barabara ya Broad Street. Katika muda wa siku kumi watu zaidi ya 500 walikufa katika eneo dogo lililozunguka hapo. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu walikuwa wakiteka maji wapi. Lakini hakuishia kwa waliokufa. Karibu na bomba hilo palikuwa na nyumba ya maskini iliyokaliwa na watu 535, na humo walikufa 5 tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake yenyewe. Palikuwa tena na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja wao kwa kipindupindu. Walikuwa wakinywa pombe ya kiwandani, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hali kadhalika, mbali na hapo, katika kitongoji cha Hampstead, alikufa mjane mmoja aliyeonekana hana uhusiano wowote na Soho. Ilipoulizwa, ikajulikana kwamba aliyapenda maji ya bomba lile, akawa akiletewa kwa gari. Tarehe 8 Septemba wakubwa wa mtaa waliondoa mkono wa bomba.

Hapa wazee wangu yafaa tuwe waangalifu. Wengi husimulia hadithi hii kana kwamba mkono ulipoondolewa ndipo kifo kilipokoma. Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua kabla ya siku ile, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamehama. Mchunguzi mwaminifu hajipambi kwa ushindi asio na hakika nao.

Ushahidi wake mkubwa zaidi ulikuwa mwingine. Kusini mwa mji palikuwa na kampuni mbili za maji zilizopitisha mabomba yao katika mitaa ile ile, mara nyingi nyumba hii ikitumia maji ya kampuni moja na ya jirani maji ya nyingine. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuvutia maji mwaka wa 1852, ikaenda juu ya mto Thames kabla mto haujapokea uchafu wa mji. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuvuta maji machafu. Katika majuma saba ya kwanza ya ugonjwa wa mwaka 1854, nyumba 40,046 zilizopata maji ya Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263, na nyumba 26,107 za Lambeth zilikuwa na vifo 98. Tukigawanya, twapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja, na 37 upande wa pili. Hewa ilikuwa moja, mitaa ilikuwa mmoja, matajiri na maskini walichanganyika pande zote mbili. Kilichotofautiana kilikuwa maji.

Angalieni kwamba hesabu yenyewe ni ya darasa la shule ya msingi, kugawanya tu. Ugumu wake ulikuwa katika kutembea mlango kwa mlango kuuliza maji ya nyumba hii yanatoka kampuni gani.

Nina neno moja zaidi la London, nalo lawahusu ninyi wazee hasa. Katika Soho palikuwa na kasisi kijana, Henry Whitehead, asiyekuwa tabibu. Alianza kuchunguza kwa nia ya kuonyesha kwamba Snow amekosea. Kwa kuwa aliwafahamu watu wa mtaa na walimwamini, aliingia nyumba ambazo mgeni asingefunguliwa, akarudi mara ya pili na ya tatu kuuliza. Mwishowe yeye ndiye aliyepata habari ya mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeharisha kabla ya mlipuko, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa karibu kabisa na kisima. Basi aliyekwenda kupinga akawa shahidi, kwa sababu alikubali kuufuata ukweli ulikompeleka.

UKAMBANI, MWAKA WA 2004

Sasa turudi nyumbani. Katika miezi ya kwanza ya mwaka wa 2004 watu wa Makueni, Kitui na sehemu za jirani walianza kufika hospitalini macho yao yakiwa ya manjano, tumbo likiuma, na wengi wakafa kwa muda mfupi. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walikuwa wamekufa.

Wizara ya Afya na wenzake walifanya uchunguzi wa namna ambayo kila mtu yampasa kuifahamu. Walichagua wagonjwa 40. Kisha, kwa kila mgonjwa mmoja, walichagua kwa bahati watu wawili wazima wa kijiji kile kile, jumla 80. Wote wakaulizwa maswali yale yale: mlikula nini, mahindi mliyapata wapi, mliyahifadhi vipi. Damu yao ikapimwa, na mahindi ya nyumbani mwao yakapimwa.

Majibu yalipolinganishwa ilionekana kwamba mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi zaidi, ile iitwayo aflatoksini, au sumukuvu, ambayo hutokana na kuvu inayoota katika nafaka yenye unyevu. Wastani ulikuwa sehemu 354 hivi katika kila sehemu bilioni kwa nyumba za wagonjwa, na 44 hivi kwa nyumba za wazima, hali kipimo cha juu kilichoruhusiwa na sheria wakati ule kilikuwa 20. Ikaonekana pia kwamba waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kukaa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya walioyaweka ghalani. Na yaliyouzwa sokoni hayakuwa salama: kati ya sampuli 350 za mahindi na unga zilizochukuliwa katika masoko 65, zaidi ya nusu zilipita kipimo cha sheria.

Fikirini jinsi mambo yangalikuwa kama wangaliwauliza wagonjwa peke yao. Kila mgonjwa angalisema, "Nilikula mahindi." Na katika nchi yetu nani hali mahindi? Kwa kuwauliza wazima ndipo ilipodhihirika kwamba tofauti iko katika unyevu na mahali pa kuhifadhia. Na mtu aliyeijua sababu hiyo anaweza kufanya jambo: kukausha vizuri kabla ya kuweka, kuinua magunia yasikae juu ya udongo, kutenga punje zilizoota kuvu na kutozila.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, sumu hiyo hiyo iliwalaza hospitalini watu 20, na 12 wakafa. Habari hiyo iliandikwa katika majarida ya madaktari. Kati ya 1981 na 2004 ni miaka ishirini na mitatu. Nauliza, katika vijiji vyenyewe nani alikuwa amewekewa kumbukumbu ile mahali anapoweza kuisoma? Elimu iliyokaa mbali na ghala la mahindi haiwezi kulilinda.

MOSHI NA VYANDARUA

Njia ya wagonjwa na wazima hutazama nyuma: ugonjwa umekwisha kuingia, nasi twauliza ulipitia mlango gani. Kuna njia nyingine ya kutazama mbele, kwa kuwafuata watu kwa muda. Huko Mpala, katika Laikipia, wachunguzi waliwafuata watu 345 wa nyumba 55 kwa zaidi ya miaka miwili, nao wakatangaza matokeo mwaka wa 2001. Walipima moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba, wakaangalia kila mtu hukaa wapi wakati moto unawaka, na wauguzi wakapita kila juma moja au mawili kuona nani ana kikohozi na nani kifua kimembana. Ilionekana kwamba kadiri mtu avutavyo moshi mwingi ndivyo maradhi ya kifua yalivyomzidi. Walijifunza vilevile kwamba kipimo cha wastani wa chumba humdhulumu mpishi, kwa kuwa moshi mkali kabisa hutoka pale moto unapokokwa na sufuria kukorogwa, na wakati huo mama ndiye aliye juu yake. Kipimo lazima kimfuate mtu alipo.

Njia ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ya kupiga kura. Katika sehemu za Asembo na Gem, huko Siaya, kati ya mwaka 1997 na 1999, ilitakiwa kujua kama vyandarua vilivyotiwa dawa huwaokoa watoto na kifo mahali penye malaria nyingi. Kama wangaligawiwa tu waliokuja kuomba, wasiwasi ungalibaki: pengine mzazi anayekuja kuomba ni yule ambaye tayari humtunza mtoto wake zaidi. Basi vijiji 221, vyenye watu wapatao 125,000, viligawanywa kwa bahati, vingine vikapewa vyandarua kwanza na vingine baadaye. Kura haimjui tajiri wala maskini, mwangalifu wala mzembe. Huwagawanya wote sawasawa pande mbili. Vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi miezi kumi na moja vilipungua kwa asilimia 23 katika vijiji vyenye vyandarua. Tena iligunduliwa kwamba hata nyumba zisizo na vyandarua, zikiwa karibu na vijiji hivyo, zilipata nafuu, kwa kuwa mbu wenyewe walipungua. Uchunguzi ulipokwisha, vijiji vilivyokuwa vimengoja vilipewa vyao.

MITEGO YA MCHUNGUZI

Wazee wangu, katika kazi hii kuna mitego mingi, nami nitaitaja minne iliyo ya kawaida.

Mtego wa kwanza ni sababu iliyojificha. Twaweza kuona kwamba watoto wa nyumba zenye moshi wanaugua zaidi. Lakini nyumba hizo aghalabu ni za maskini, zenye watu wengi katika chumba kimoja na chakula kidogo. Je, ni moshi, ni msongamano, au ni njaa? Mchunguzi hana budi kulinganisha maskini na maskini, na nyumba ya watu wengi na nyumba ya watu wengi.

Mtego wa pili ni kumbukumbu. Mama aliyefiwa na mtoto atakumbuka kila kitu mtoto alichokula. Mama ambaye mtoto wake ni mzima amekwisha kusahau. Kwa hiyo habari iandikwe mapema, na maswali yawe yale yale kwa wote.

Mtego wa tatu ni kuchagua nyumba za kuuliza kwa urafiki au kwa urahisi wa njia. Ukiuliza nyumba za kando ya barabara tu, utapata habari za kando ya barabara. Afadhali kuchukua kila nyumba ya tano kwa mpango, hata ile iliyo bondeni ng'ambo ya mto.

Mtego wa nne u ndani ya mioyo yetu: kuamua jibu kabla ya kuuliza. Mtu akiugua ghafula, wako watakaosema ni jirani, wako watakaosema ni mzimu, na siku hizi wako watakaosema ni kiwanda, hata kabla ya kutazama. Kiwanda huenda kikawa na hatia kweli. Lakini hatia hiyo ithibitishwe, kwa maana shutuma isiyo na ushahidi huwapa wakosaji mlango wa kutokea.

Na ushahidi una faida gani? Tazameni kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa. Tangu mwaka wa 2007 palikuwa na kiwanda kando ya nyumba za watu, kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, mpaka kilipofungwa mwaka wa 2014. Watoto waliugua. Mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi hapo, Bi. Phyllis Omido, alidai damu za watoto zipimwe, naye kwa juhudi zake akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Wachunguzi nao walipima damu za watoto wa Owino Uhuru na za watoto wa kitongoji kingine cha Mombasa kiitwacho Bangladesh, kisichopakana na kiwanda kile, wakaona kwamba wastani wa risasi katika damu za wale wa kwanza ulikuwa takriban mara mbili. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakaaji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufani zikakatwa, fidia ikatenguliwa, lakini mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kilio peke yake kisingalifika huko. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya kupata mazingira safi yenye afya. Lakini anayesimama mbele ya hakimu kudai haki hiyo huulizwa vipimo viko wapi, na vya nani vimelinganishwa na vya nani.

ADABU YA UCHUNGUZI

Kuuliza nyumba ya mtu juu ya maradhi yake ni kuingia chumbani mwake. Sharti aelezwe kwa lugha anayoifahamu ni kwa nini anaulizwa, na awe na uhuru wa kukataa bila kunuiwa ubaya. Majina yafungwe. Asiyehusika asione karatasi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeyahesabu mambo ya afya ya mtu kuwa siri ya kulindwa kwa uangalifu zaidi. Wala asiwepo kati yetu atakayejaribu kutoa watu damu kwa jina la chama. Hiyo ni kazi ya waliosomea, tena wenye kibali cha kamati ya maadili, na cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu.

Na wageni wakija kutuchunguza, tusiwafukuze, wala tusiwafuate kama kondoo. Wazee wawaulize kwa upole: Swali lenu ni lipi? Mmepewa kibali na nani? Mtatulinganisha na watu gani? Vipimo vyetu vitawekwa wapi? Na mtarudi lini kutuambia mlichokiona? Mchunguzi wa kweli hufurahi kuulizwa hivyo, kwa kuwa ndiyo maswali aliyofundishwa kujiuliza mwenyewe. Asiyerudi kutoa habari amechukua maziwa na kuacha ng'ombe bila maji.

TUFANYE NINI SISI

Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano huu ufikirie mambo matatu, yote ya gharama ndogo.

La kwanza, daftari la mazishi liongezewe safu tano: umri wa marehemu, mahali alipokaa, kazi aliyofanya, ugonjwa kama ulivyoandikwa na daktari, na muda aliougua. Pale ambapo hakuna karatasi ya daktari, yaandikwe maneno ya jamaa kama walivyoyasema, bila kuyatengeneza. Jamaa wasaidiwe pia kuandikisha kifo kwa naibu wa chifu, maana kifo kisichoandikishwa hakimo katika hesabu za nchi. Lakini daftari hilo litatuonyesha waliokufa tu. Kwa hiyo pawe na orodha ya wanachama wote walio hai, na umri, mtaa na kazi zao, irekebishwe kila mwaka. Bila hiyo tutarudi kwenye kosa la kuwasahau wazima.

La pili, tuchague swali moja tu kwa mwaka mzima. Napendekeza lile la mahindi: ni nyumba ngapi kati yetu huweka nafaka ikiwa haijakauka vema, na ni ngapi huiweka juu ya sakafu? Hilo halihitaji damu ya mtu wala mtambo wa bei kubwa, bali macho, kalamu na ruhusa ya mwenye nyumba. Vijana wawili na mama wawili wachaguliwe, wafundishwe na Bwana Afya wa sehemu yetu jinsi ya kuchagua nyumba na kuuliza bila kumtia mtu maneno kinywani. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao huzuru nyumba zetu, nao wahusishwe tangu mwanzo.

La tatu, katika msaada wa karo ambao chama hutoa, akumbukwe kijana anayetaka kusomea elimu ya afya ya umma na takwimu. Kwa muda mrefu tumewataka watoto wetu wawe madaktari wa kutibu mmoja mmoja, na hilo ni jema. Lakini tunamhitaji pia yule atakayeketi na hesabu za kijiji kizima na kutuambia hatari iko upande gani.

Sitawaahidi makubwa. Daftari letu la watu wachache halitathibitisha sababu ya ugonjwa wowote. Idadi ndogo huyumba. Mwaka mmoja vifo vitatu, mwaka wa pili saba, na pengine si zaidi ya bahati. Lakini litaweza kutuambia ni mlango upi wa kubisha, na tutakapoubisha mlango wa hospitali au wa serikali, tutakuwa na karatasi mkononi iliyoandikwa vizuri kwa miaka kadhaa. Anayesikiliza watu wenye karatasi ya namna hiyo huwasikiliza kwa namna nyingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Sisi hatuyafichi kwa makusudi. Tumekosa tu mahali pa kuyaandika. Wazee waliotutangulia walizijua nyota za mvua, walijua malisho yanayodhuru ng'ombe na miti isiyofaa kwa kuni, na hawakuyapata hayo katika ndoto. Walitazama, wakalinganisha mwaka na mwaka, wakawasimulia watoto wao. Kazi ninayowaombeni ni ile ile, ila sasa tuiandike.

Katibu amenionyesha saa, nami nitatii. Namwomba Mwenyekiti aruhusu maswali, hasa kutoka kwa mama zetu, ambao ndio wanaojua mahindi yamewekwa wapi.